Mahojiano 14 na hujui pa kuanzia: mwongozo wa utafiti wa kimaelezo kwa anayesomea uhalifu

"Shikamoo kaka. Samahani kwa kukusumbua usiku. Nina mahojiano 14 kwenye simu, msimamizi anataka sura ya nne mwisho wa mwezi, na sijui hata nianzie wapi."

Ujumbe huo uliingia saa tano usiku. Aliyeutuma ni binti wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu kuhusu vijana wa Temeke waliotoka gerezani na namna wanavyopokelewa wakirudi mtaani. Tulikaa Jumamosi nne. Haya ni yale niliyomwambia kwenye hizo Jumamosi, pamoja na mengine ambayo angeyasikia mwaka mmoja kabla tusingefika huko.

Mimi si mhadhiri. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhoji watu kwa ajili ya tafiti za wengine, na wengi niliowahoji wamewahi kuwa mahabusu au wafungwa. Nadharia nitaigusa pale tu inaponisaidia kazi.

Hatua ya 1: Swali

Liwe swali la "vipi" au "kwa namna gani". Ukiona kwenye andiko lako kuna "kiwango cha", "uhusiano kati ya" au "athari za", umeandika swali la takwimu halafu unataka kulijibu kwa simulizi za watu 14. Jopo la watahini litakubana hapo hapo. Swali la binti lilikuwa "Athari za kifungo kwa ajira za vijana". Tukaligeuza: "Vijana waliotoka gerezani wanaielezaje safari yao ya kutafuta kazi?" Tuendelee.

Hatua ya 2: Utawapata wapi watu wako

Kama ni uzamili, usiwafuate gerezani. Najua andiko linapendeza likitaja Ukonga au Segerea. Lakini kibali cha kuingia kinatoka juu, kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, na muda wako wa uzamili hausubiri. Hata ukikipata, mfungwa anayeongea nawe huku askari yuko mlangoni anaongea na askari. Halafu jiulize kama mtu aliyeletwa na nyapara kukaa mbele yako anaweza kweli kukwambia "sitaki".

Wafuate waliotoka. Wapo vijiweni, kwenye bodaboda, kwenye saidia fundi, kwenye vyuma chakavu. Utampata mmoja, akupeleke kwa mwenzake, naye akupeleke kwa mwingine. Vitabuni njia hii inaitwa mpira wa theluji, ingawa Temeke theluji tunaionea kwenye friji. Kasoro yake ni kwamba ukianza na mtu mmoja utaishia kwenye kijiwe kimoja, na kijiwe kimoja kina hadithi moja. Anza na milango mitatu isiyojuana. Binti alikuwa na mwenyekiti wa kituo cha bodaboda peke yake, na kati ya watu wake 14, 11 walikuwa madereva. Sura yake kuhusu ajira ilikuwa imeshajijibu kabla hajahoji.

Wangapi wanatosha? Wengi wanataja 12 na hawajui imetoka wapi. Imetoka kwa watafiti Guest na wenzake, 2006: walichukua mahojiano 60 waliyofanyiwa wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta kwamba ukishachambua 12 ya kwanza, mambo mapya yanakuwa machache sana. Lakini wale wanawake walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yale yale. Ukiwachanganya aliyefungwa kwa kuiba kuku na aliyefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, 12 haikutoshi. Usiandike "data zilishiba" (yaani hakuna jipya tena lililoongezeka) kama huwezi kuonyesha zilishiba kwenye mahojiano ya ngapi.

Hatua ya 3: Vibali

Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandika kwenda wilaya, wilaya kwenda kata, kata kwenda mtaa. Toa nakala nyingi. Kenya utaanzia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Jambo moja tu: Mtendaji wa Kata atataka kukupa mjumbe akusindikize nyumba kwa nyumba. Shukuru sana, kisha omba uende mwenyewe. Huenda mjumbe huyo ndiye aliyemripoti kijana unayekwenda kumhoji.

Hatua ya 4: Ridhaa, na ahadi unayoweza kuitimiza

Fomu za chuo zina mahali pa sahihi. Kwa mtu aliyewahi kupita kituoni, karatasi yenye mahali pa sahihi ina historia. Baba mmoja aliirudisha fomu yangu mezani taratibu, kwa kidole kimoja, akasema, "Mwanangu, mara ya mwisho nilisaini maelezo ya onyo. Nikala miaka saba." Tangu siku hiyo kwenye kila ombi la kibali cha maadili naomba ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, na naeleza sababu. Iombe tangu mwanzo, maana kurudi kamati ya maadili kuomba mabadiliko kutakula miezi.

Sasa kuhusu usiri. Karibu kila fomu imeandikwa "taarifa zako zitabaki siri kabisa". Hilo neno "kabisa" lifute. Sheria ya Ushahidi inayalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Mwanafunzi wa uzamili na kinasa sauti chake hawamo. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka mtu anayejua kosa limetendeka, au linakusudiwa kutendeka, atoe taarifa. Nje yameshatokea. Mwaka 1993 Rik Scarce, mwanafunzi wa uzamivu wa sosholojia Marekani, alikaa mahabusu siku 159 kwa kukataa kulieleza baraza la mashtaka aliyoambiwa na mtu aliyemhoji. Na Boston College ilihifadhi kanda za waliokuwa wapiganaji wa Ireland Kaskazini, wakiwa wameahidiwa kwamba hazitatoka hadi wafe. Mwaka 2011 polisi wa huko walizifuata kupitia mahakama za Marekani, na baadhi wakazipata.

Kwa hiyo ahidi unachokiweza, na usikusanye usichoweza kukilinda. Kabla sijawasha kinasa sauti nasema hivi, kwa maneno haya haya: "Nataka kusikia kuhusu kesi iliyokwisha. Kama kuna jambo ambalo halijafika polisi, usinitajie jina, siku wala mahali. Ukianza kunitajia nitakukatisha, usinione sina adabu." Na kweli nakatisha.

Mambo madogo yanayosahaulika:

Nauli na soda mpe mkononi. Ukimtumia kwa simu, muamala unabaki na jina lake kamili, namba yake na tarehe. Binti alikuwa amewatumia wote 14. Simu yake yenyewe ilikuwa orodha kamili ya washiriki.

Usihifadhi namba kama "Mfungwa Tandika". Kwangu wote ni mafundi: Fundi Bomba 3, Fundi Bomba 4.

Majina na namba za siri (M01, M02) ziandike kwenye daftari linalokaa mbali na kompyuta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa zinazohusu makosa ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo hili limeshavuka mipaka ya ustaarabu wa mtafiti.

Hatua ya 5: Kuhoji

Usifanyie ofisi ya serikali ya mtaa hata ukipewa bure. Usifanyie kwa mama ntilie, sufuria zitakuwa nyingi kuliko maneno. Mimi napenda madarasa ya shule Jumamosi au uwanja mchana wa jua, mmekaa chini ya mti, kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia. Rekodi kwa vifaa viwili. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo simu ya mama yako itakatisha rekodi pale pazuri.

Swali la kwanza: "Nielezee siku uliyotoka, tangu geti lilipofunguliwa." Mengine yatakuja. Ukitaka kuuliza "kwa nini", meza mate kwanza. "Kwa nini uliiba" ameshaulizwa na polisi, na hakimu, na mama yake, na jibu analo la tayari. "Ilikuwaje" inafungua mlango mwingine.

Hatua ya 6: Unukuzi, na hapa ndipo tulipolala Jumamosi tatu kati ya nne

Nianze na kosa langu. Kazi yangu ya kwanza nilikuwa nasikiliza Kiswahili na kuandika Kiingereza moja kwa moja, kwa sababu ripoti ilitakiwa kwa Kiingereza na niliona kuandika mara mbili ni kupoteza muda. Wiki tatu. Aliyenituma aliposoma aliniuliza swali moja: "Hawa wote walisoma shule moja?" Kila mtu alikuwa anaongea kama mimi. Nikarudia zote.

Binti alikuwa amefanya hivyo hivyo. Angalia kipande hiki cha mahojiano yake, nimekibadilisha kidogo ili mwenyewe asitambulike:

"Tulivyofika kituoni afande akaniambia, wewe kijana si mgeni mjini hapa, jiongeze. Sasa mimi nijiongeze na nini? Nikalala. Asubuhi mama akaja, akajiongeza."

Kwenye tafsiri yake ya Kiingereza, "jiongeze" ikawa "tumia akili yako", na "mama akajiongeza" ikawa "mama alichukua hatua". Akaipa jina: msaada wa familia. Soma tena Kiswahili. Mama alitoa hela. Hakuna mtu aliyesema rushwa, na ndiyo maana ya neno lenyewe: anayelitamka hajaomba kitu na anayelitii hajatoa kitu. Mahojiano sita kati ya 14 yalikuwa na "kujiongeza", na tasnifu nzima haikuwa na rushwa popote. Tuliyagundua kwa sababu nilimwomba tusikilize sauti yenyewe tukiwa na chai, akacheka kabla ya mimi kusema neno.

La pili lilikuwa jepesi kuliko hilo, nusura tulipite. Vijana wake hawakusema "niliiba". Walisema "nikajikuta nimebeba", "nikajikuta niko nao", "nikajikuta ndani". Kwenye Kiingereza chake yote yalikuwa "niliiba", "nilikuwa nao", "nilifungwa", safi kabisa, mtu ametenda na amekiri. Anayesomea uhalifu anawajua wanasosholojia Sykes na Matza, 1957, na zile njia tano ambazo vijana wanaovunja sheria hutumia kujitoa lawamani. Ya kwanza ni kukana kwamba jambo lilikuwa mikononi mwako. Sasa sisi lugha yetu imeshatuwekea kitenzi cha kazi hiyo! Nilimwambia azihesabu "nikajikuta" zote kwenye sauti, na aangalie zinakaa wapi. Kijana mmoja alikuwa nazo tele mpaka siku ya hukumu. Kuanzia siku aliyotoka hakuna hata moja. "Nikatafuta. Nikaomba. Nikakataa." Hiyo ni sura nzima ya tasnifu, na ilikuwa imefutwa na tafsiri.

Kwa hiyo: nukuu kwa Kiswahili, jinsi kilivyosemwa. Usisanifishe. Akisema "nilidakwa" usiandike "nilikamatwa". Kubambikiwa kesi, kuonewa na kutajwa ni vitu vitatu: wa kwanza anasema kesi ilitengenezwa, wa pili anasema kesi ipo ila adhabu haikuwa haki, wa tatu anasema mwenzake alimuuza. Na "nilikuwa ndani" usiipokee hivi hivi, maana aliyekaa mahabusu miaka miwili akaachiwa na aliyehukumiwa miaka miwili wote watakwambia walikuwa ndani. Uliza kama alihukumiwa. Kama hukuuliza, mpigie Fundi Bomba wako leo.

Muda. Saa moja ya sauti inanichukua saa sita kuinukuu, nane kama kuna kelele. Panga hivyo, usipange saa mbili. Nukuu kila mahojiano kabla hujafanya yanayofuata, kwa sababu ya tatu yatakufundisha cha kuuliza kwenye ya nne. Aliyehoji 14 mfululizo halafu ndiyo akaanza kunukuu amehoji mara moja, akairudia 14. (Nilimwambia hivi kwa upole zaidi.)

Vifaa. Natumia oTranscribe, ni ya bure, unasimamisha na kurudisha sauti kwa kitufe cha kibodi bila kushika kipanya. Usilipie programu yoyote katika hatua hii. Kuhusu akili mnemba: Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, inajua Kiswahili kiasi, na unaweza kuiendesha ndani ya kompyuta yako bila intaneti, jambo ambalo ndilo sharti langu. Kupakia sauti ya mtu anayesimulia kesi yake kwenye tovuti ya bure usiyojua seva zake ziko wapi ni kuivunja ile ahadi ya hatua ya 4. Lakini hata ikiendeshwa nyumbani, ni ya kukupa rasimu ya kwanza tu. Kiswahili cha redio inakipata vizuri. Cha kijiweni inakibahatisha, na mbaya zaidi inakibahatisha kwa ufasaha: "nikapata msala" (yaani matatizo) kwangu ilitoka "nikapata msalaba", na aya nzima ikawa ya mtu aliyeokoka. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kuhusu dini gerezani.

Weka pia visivyo maneno. Kimya cha sekunde kumi kiandike [kimya]. Kicheko kiandike. Yule aliyesema "mama akajiongeza" alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu, na kile kimya ndicho kilichotupa swali la kurudi kumuuliza: mama alizitoa wapi zile hela?

Tafsiri inakuja mwisho kabisa, na unatafsiri zile nukuu 30 au 40 tu zitakazoingia kwenye tasnifu. Weka Kiswahili juu, Kiingereza chini yake. Idara ikikataa kwa sababu ya idadi ya maneno, Kiswahili kiende kwenye kiambatisho, lakini kiwepo. Halafu mpe mtu mwingine Kiingereza chako akirudishe Kiswahili bila kuona cha kwanza. Pale atakapoandika kitu ambacho kijana wako asingekisema, hapo ndipo pa kurekebisha. "Jiongeze" tulishindwa. Tuliiacha ilivyo, tukaweka maelezo ya mistari mitatu chini, na mtahini aliisifu.

Hatua ya 7: Misimbo na dhamira

Misimbo ni majina mafupi unayoyapa vipande vya mahojiano, na dhamira ni mawazo makubwa unayoyajenga kutokana nayo. Kuweka misimbo wengi tunasema "kukodi", kutoka Kiingereza "coding", na mama mwenye nyumba wangu aliwahi kuniuliza nakodi nini kila usiku.

Chapisha mahojiano matatu kwenye karatasi. Kalamu za rangi. Pembeni ya kila aya andika kwa Kiswahili kinachofanyika pale, kwa kitenzi: "anamkinga mama", "anajaribu kazi ya kwanza", "anafichwa na shangazi". Majina ya vitu kama "familia", "unyanyapaa", "ajira" ni majina ya makabati, hayasemi kilichomo. Baada ya matatu utakuwa na vitu 50 hadi 80 vinavyojirudia. Vipunguze, vihamishie kwenye kompyuta, endelea na yaliyobaki. Programu ninazomaanisha ni Taguette au QualCoder, zote za bure. NVivo ni nzuri na ni ghali, na nimeona watu wamelipia, wakajifunza vitufe vyake mwezi mzima, wakatoka na michoro ya maputo isiyojibu swali lolote.

Karibu kila mtu anaandika kwamba alifuata hatua sita za uchambuzi wa dhamira za Braun na Clarke, 2006. Sawa, lakini usiandike "dhamira zilijitokeza". Wao wenyewe wanalilalamikia neno hilo, maana dhamira haikai ndani ya karatasi ikisubiri kuchungulia. Wewe umeijenga, kwa hiyo sema uliijengaje. Weka daftari la tarehe: leo nimeunganisha misimbo hii miwili, kwa sababu hii. Jopo likiuliza, unalifungua.

Hatua ya 8: Kuandika

Nukuu moja, aya mbili zako. Nukuu nne mfululizo bila neno lako ni kumwachia msomaji kazi yako. Badilisha jina la mtaa, umri kwa mwaka mmoja au miwili, na aina ya kitu kilichoibwa kama kinamtambulisha. Kijana aliyeiba jeneza Mbagala ni mmoja tu.

Sauti zifute siku uliyosema kwenye ombi la maadili kwamba utazifuta. Binti alifuta za kwake mbele yangu, kwenye simu, kwenye kompyuta, kisha akakumbuka kwamba simu yake huwa inajihifadhi yenyewe mtandaoni kila usiku. Tukaingia huko pia. Zilikuwemo zote 14, na picha ya daftari la majina.